Kijana kumuona daktari peke yake si kumvunjia mzazi heshima

Kabla hatujaenda mbali, jiulize swali moja. Ukiamka kesho na kitu mwilini ambacho hukielewi, mtu wa kwanza kumwambia ni nani? Jibu ukweli, hakuna anayekusikia. Kama ni mama, una bahati. Kama ni daktari, bahati yako ni kubwa zaidi. Lakini najua wengi wenu mtasema ni Google, au beste wa darasani, au yule jamaa wa kemisti pale kona ambaye huuza dawa bila maswali mengi.

Nina sababu ya kuuliza. Nilipokuwa na miaka 16, likizo ya kidato cha pili, nilianza kusikia maumivu makali kila nikienda haja ndogo. Nilikuwa nimetoka shule ya bweni, na vyoo vya bweni mnavijua. Nikavumilia siku tatu. Siku ya nne nikachukua mia tano niliyokuwa nimedunduliza, nikaingia kliniki moja ndogo mtaani kwetu. Nesi aliyekuwa zamu alinitazama kutoka juu mpaka chini, kisha akaniuliza mbele ya watu waliokaa kwenye benchi, "Mambo ya wanaume umeanza lini?"

Sikuwa nimeanza. Nilikuwa na UTI tu, maambukizi ya njia ya mkojo ambayo hata mtoto wa chekechea huyapata. Nikapewa dawa, nikaenda nyumbani. Kabla ya jua kutua mama alikuwa ameshapigiwa simu. Kumbe yeye na nesi walikuwa chama kimoja.

Jioni hiyo hakuna aliyeniuliza kama bado naumwa. Niliulizwa, "Ni nani?" Mama alilia. Baba hakunisemesha kwa wiki mbili. Simu yangu ikafungiwa kabatini. Nilieleza mpaka nikachoka, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyoonekana mwongo.

Kitu kimoja ndicho nilichojifunza kutokana na kisa hicho: kliniki si mahali pa kwenda. Kwa hivyo maumivu yaliporudi mwaka uliofuata, nilienda kemisti. Pesa haikutosha dozi nzima, nikanunua nusu. Maumivu yakatulia kidogo, nikarudi shule, nikanyamaza. Wiki mbili baadaye nililetwa hospitali nikitetemeka kwa homa, maambukizi yameshapanda mpaka kwenye figo. Mama alifika mbio, akanishika mkono, akasema, "Mbona hukuniambia?"

Swali hilo sijawahi kulisahau, kwa sababu jibu tulikuwa nalo sote wawili.

Sasa usidhani nimekuja hapa kuwasema wazazi. Nimekuja kutetea kitu ambacho wazazi wengi wakikisikia hushtuka: haki ya kijana aliye chini ya miaka 18 kuongea na daktari au nesi faraghani, bila maneno yake kumfikia mzazi kabla yeye mwenyewe hajatoka kwenye mlango wa hospitali. Nasema hivi nikijua fika kwamba mzazi ndiye analipa, bima ni yake, nauli ni yake, na mambo yakiharibika ni yeye atakayekesha nawe wodini.

Tuanze na sheria, manake watu wengi huzungumza kuihusu bila kuijua. Katiba yetu ya 2010, kipengele cha 43, inampa kila mtu haki ya kiwango cha juu cha afya, ikiwemo afya ya uzazi. Kipengele cha 31 kinalinda faragha ya kila mtu. Sheria ya Afya ya 2017 nayo inasema habari za mgonjwa ni siri. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba "mgonjwa" ni mtu mwenye kitambulisho pekee. Yule nesi aliyempigia mama hakuwa akilea mtaa. Alikuwa anavunja sheria.

Lakini kuna upande wa pili. Sheria ya Watoto ya 2022 inasema huduma za afya ya uzazi kwa mtoto zitategemea idhini ya wazi ya mzazi au mlezi. Na mtoto, kisheria, ni yeyote ambaye hajafika miaka 18. Maana yake ni kwamba ukiwa na miaka 17 na unataka kuuliza juu ya mwili wako mwenyewe, nesi mwoga anaweza kukwambia, "Rudi na mama," na akawa na karatasi ya kujitetea.

Linganisha na sheria ya Ukimwi ya 2006. Ile nayo inataka idhini ya mzazi kabla ya mtoto kupimwa virusi, ila iliacha dirisha: mtoto aliye mjamzito, aliyeolewa, aliye mzazi tayari, au ambaye maisha yake yanamweka katika hatari ya kuambukizwa, anaweza kukubali mwenyewe. Waliotunga sheria hiyo waliona jambo dogo la busara. Waliona kwamba anayehitaji kupimwa zaidi ndiye mara nyingi hawezi kwenda kumwomba mzazi sahihi. Kile kifungu cha idhini cha 2022 hakina dirisha kama hilo.

Hata katika dirisha lile la 2006, tazama orodha inavyoanza. Msichana aliyepata mimba anaaminika kuamua. Aliyezaa anaaminika. Yule anayetaka kuuliza maswali mapema ili asifike huko ndiye anayetumwa nyumbani kuleta mzazi. Yaani tunakuamini ukishaharibikiwa?

Sasa tuwasikilize wazazi. Nimeongea na wengi, kanisani, kwenye matatu, sebuleni kwetu, na hoja zao ni kama tatu hivi.

Ya kwanza: "Mkiwapa hawa watoto siri na daktari, mtakuwa mmewafungulia njia ya ngono." Naelewa hofu hiyo. Lakini utafiti wa kitaifa wa KDHS wa 2022 ulionyesha kwamba asilimia 15 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 nchini walikuwa wameshawahi kupata mimba. Samburu ilikuwa asilimia 50, nusu nzima. Nyeri na Nyandarua zilikuwa asilimia 5. Hebu niambie, kati ya wasichana hao wote, ni wangapi walisubiri idhini ya mzazi au ya nesi kabla ya kukutana na mwanamume? Hakuna anayeenda kliniki kuomba ruhusa ya kuanza. Watu huenda kliniki wakiwa wameshaanza, au wamelazimishwa, au wanaogopa, au, kama mimi, wanaumwa tu. Ukifunga mlango huo hujazuia chochote kilichotangulia. Umezuia msaada peke yake.

Na tusijifanye hatuoni kule wanakoenda. Wanaenda kununua P2 kwa mtu ambaye hatawaambia kwamba P2 haizuii virusi vya Ukimwi wala kisonono. Wanaenda kwa rafiki mwenye vidonge vilivyobaki. Wanaingia TikTok. Huko hakuna anayeomba idhini ya mzazi, na pia hakuna anayepima presha.

Hoja ya pili ni nzito zaidi, na nisingependa uipuuze: "Na kama kuna mwanamume mzima anayemharibu mwanangu? Mnataka daktari amfichie?" Hapana. Sheria ya Makosa ya Ngono ya 2006 iko wazi kwamba mtoto aliye chini ya miaka 18 hawezi kukubali ngono na mtu mzima, hata aseme anampenda kiasi gani. Msichana wa miaka 14 akimwambia nesi kuhusu "sponsa" wa miaka 35, hiyo si siri ya kukaa kwenye faili. Hiyo ni kesi. Usiri wa daktari una mipaka, na mpaka wake ni hatari: ukidhulumiwa, ukitishiwa, ukitaka kujiua, mtu mwingine lazima aingie ndani. Daktari mzuri hukwambia hivyo mapema, kabla hujafungua mdomo, ili usijihisi umesalitiwa.

Ila mzazi anayetoa hoja hiyo afikirie na upande wa pili. Mara nyingi anayemdhulumu mtoto si mgeni. Ni mjomba. Ni jirani. Ni rafiki ya baba anayelala sebuleni akija mjini. Wakati mwingine ni baba wa kambo mwenyewe. Sasa mtoto huyo akitumwa nyumbani kuleta idhini, ataileta kutoka kwa nani? Tutakuwa tumempa mhalifu kalamu atie sahihi.

Na muda hauna huruma. Aliyebakwa anatakiwa aanze dawa za PEP, za kuzuia virusi vya Ukimwi, ndani ya saa 72. Tukio likitokea Ijumaa usiku, saa hizo zinaisha Jumatatu usiku. Hesabu mwenyewe: Jumamosi ya kulia, Jumapili ya kanisa na wageni, Jumatatu ya kutafuta ujasiri wa kumwambia mama. Kama kuna nesi mmoja ambaye msichana huyo anajua hatampigia kelele, ataenda Jumamosi asubuhi. Kama hayupo, anaweza asiende kabisa.

Hoja ya tatu ndiyo inayosemwa sana: "Haya ni mambo ya Wazungu. Sisi Waafrika mtoto hana siri kwa mzazi." Hii nayo tuiangalie polepole. Pwani, msichana alipovunja ungo alipewa somo, mwanamke mzima wa kumfunza mambo ya mwili na ndoa. Kwa Waluo wasichana walilala siwindhe, nyumbani kwa nyanya, na nyanya ndiye aliyewaambia yale ambayo mama hangeweza kuyatamka. Jamii nyingine zilimtumia shangazi. Wavulana walikuwa na wazee wao wa jando. Wazee wetu walijua vizuri kabisa kwamba kuna mambo mtoto hawezi kumwambia aliyemzaa, wakamtafutia mtu mzima mwingine anayeaminika.

Sisi wa mjini tumevunja mpangilio huo bila kuweka mwingine. Shangazi yuko Bungoma, nyanya tunamwona Disemba, na mama anarudi kazini saa tatu usiku amechoka. Tunaishi kwenye ploti ambayo hata kukohoa kwako jirani anakusikia. Nesi anayetunza siri anajaza pengo la shangazi. Si mgeni aliyekuja kuiba mtoto.

Na wavulana, msijitoe kwenye hii stori. Nyinyi ndio hata hamuulizwi. Mvulana akitokwa na usaha atasema ni joto. Akiwa hajalala wiki mbili, hataki kula, anafikiria kuruka kutoka kwenye balkoni, ataambiwa aache uzembe. Mpaka juzi tu, aliyejaribu kujiua nchini alikuwa anahesabiwa mhalifu. Ni Januari 2025 ambapo Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu hicho cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kinakiuka Katiba. Fikiria kijana wa miaka 16 aliyekulia kwenye hofu hiyo: nikisema, nitapelekwa kituoni au nitapelekwa kwa pasta? Akinyamaza, unashangaa nini?

Nirudi kwa mama, kwa sababu nilisema sikuja kumsema.

Miaka mingi baada ya kisa changu, tukiwa tunachambua sukuma jikoni, aliniambia jambo ambalo hakuwahi kunitajia. Alikuwa na dada mdogo. Akapata mimba akiwa kidato cha tatu, akaificha. Hakumwambia mama yake, hakumwambia dada yake, hakumwambia mwalimu. Alienda kwa mtu fulani kichochoroni kuitoa. Alifia njiani akirudi nyumbani. Kwao jambo hilo halikuzungumzwa tena, na picha yake ikatolewa ukutani.

"Kwa hivyo nikisikia mtoto ana siri," mama alisema, "mimi huona jeneza."

Nilinyamaza kidogo, nikamwuliza, "Mama, na kama kungekuwa na nesi mmoja ambaye alijua hatamwambia babu?"

Hakunijibu. Aliendelea kukata mboga. Lakini tangu siku hiyo nimeelewa kitu, nami nataka ukielewe: hofu ya wazazi wetu si ujinga. Wengi wamezika mtu. Wanachokosea ni kudhani kwamba siri zote ni moja. Kuna siri unayokaa nayo peke yako gizani, hiyo ndiyo iliyomuua mamangu mdogo. Na kuna siri ambayo mtu mzima mwenye ujuzi anaijua, anaishika, na anakusaidia kuitatua. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Hawakusema maradhi yatangazwe kwa chama.

Basi tufanye nini? Sitaki kumaliza kwa kulalamika, kwa hivyo chukua haya.

Mzazi, kama umefika hapa, jaribu kitu kidogo. Mpeleke mwanao hospitali kama kawaida, ingia naye, eleza historia unayoijua wewe, mambo ya pumu na malaria ya utotoni. Kisha useme, "Daktari, nawaachia dakika kumi." Toka nje, ukae kwenye benchi. Ukirudi, usiulize "mmeongea nini". Uliza "unajisikiaje". Dakika hizo kumi hazikupokonyi mtoto. Zinamwonyesha kwamba unamwamini, na mtoto anayeaminiwa ndiye anayerudi kuongea.

Daktari na nesi, nanyi punguzeni sauti pale dirishani. Swali la siri haliulizwi mbele ya foleni. Mwambieni kijana tangu mwanzo ni nini kitabaki hapo na ni nini hakiwezi kubaki. Na mkikutana na mama yake sokoni, mwuulizeni bei ya nyanya.

Wabunge, kirudieni kile kifungu. Sisemi mwondoe wazazi. Kwa mtoto wa miaka 11, mzazi awepo, nani anabisha? Lakini wekeni dirisha kwa wale wa miaka 15 hadi 17 kupata ushauri, kupimwa na kutibiwa, na kwa wale ambao nyumbani ndiko kwenye hatari, mtu mzima mwingine anayeaminika akubaliwe. Kesi za unajisi ziendelee kuripotiwa vilevile, bila huruma.

Halafu wewe. Haki hii haikuja ili uwadanganye wenu kiujanja. Ukiingia kwa daktari, swali lako la kwanza liwe hili: "Nikikwambia, nani mwingine atajua?" Jibu lisipokuridhisha, una haki ya kuomba kuonwa na mwingine. Ukishaanza kuongea, sema ukweli wote, manake dawa haifanyi kazi kwa uongo. Maliza dozi, usinunue nusu kama mimi. Usitumie usiri kumkinga mtu mzima anayekununulia chipsi na kukutaka unyamaze. Huyo siri yake si mzigo wako. Na kama huna pa kuanzia kabisa, piga 116, simu ya kusaidia watoto. Ni bure, na hawajui mama yako yuko chama gani.

Tena, ukiweza, mrudishie mzazi kitu. Si lazima umwambie yote. Mwambie moja. "Mum, nilienda kliniki, niko sawa sasa." Sentensi hiyo fupi ingeniokolea miezi kadhaa, kama ningekuwa na mahali salama pa kuitolea.

Likizo iliyopita mama alimpeleka ndugu yangu mdogo hospitali. Ana miaka 15, alikuwa halali usiku na hataki kusema kwa nini. Mama aliingia naye, akaeleza aliyoyaona, kisha akasimama bila kuambiwa na mtu. "Mimi niko hapa nje," alimwambia. Alikaa kwenye benchi, mkoba magotini, dakika ishirini na tano. Aliniambia baadaye kwamba hakuna benchi iliyowahi kuwa ngumu kama hiyo.

Kwenye matatu wakirudi nyumbani, ndugu yangu alianza kuongea mwenyewe. Hakusema yote. Mama naye hakuuliza yaliyobaki. Siku hizi analala.